Kujaza risasi kwa mkono: kwa nini majedwali ya baruti hayamfai mwenye mugobore

Risasi ya bunduki ya kisasa ina viungo vinne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Marekani, na katika baadhi ya nchi za Ulaya, wawindaji na walenga shabaha huruhusiwa kulijaza upya ganda lililokwisha kutumika, wakifuata majedwali yanayochapishwa na watengenezaji wa baruti.

Jedwali hutaja aina ya ganda, uzito wa kichwa, jina kamili la baruti, kipimo cha kuanzia na kipimo kisichovukwa. Takwimu hizo hupatikana maabarani, katika mtutu wa majaribio wenye kifaa cha kupimia shinikizo. Baruti mbili zinazofanana kwa rangi na chembe zaweza kutofautiana mno katika kasi ya kuungua, na anayezibadilisha kwa kukisia huweza kuipasua bunduki mikononi mwake. Tume ya kimataifa ya C.I.P., iliyoundwa mwaka 1914, imeiwekea risasi ya Kalashnikov ya 7.62×39 kikomo cha bar 3,550. Hiyo ni zaidi ya mara elfu moja ya shinikizo la tairi la gari.

Katika mwambao wa Tanganyika, kushindilia bunduki kwa mkono si jambo geni. Enzi za misafara ya Ujiji, gobori ilitiwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa mdeki, na kipimo kilikuwa jicho la mwenyewe. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika eneo hili la Afrika, lakini ukaacha upenyo kwa gobori na baruti ya kawaida ya biashara. Baruti ile nyeusi ilivumilia makadirio kwa kiasi fulani. Baruti ya leo isiyo na moshi haivumilii.

Tabia ya kukadiria, hata hivyo, haikwisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliieneza nchini Burundi mugobore, bunduki ya kienyeji inayoundwa kwa bomba la chuma na mbao. Hakuna maabara iliyowahi kulipima bomba hilo; hata risasi kamili ya kiwandani yaweza kulipasua, na wa kwanza kuumia ni mfyatuaji.

Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Burundi imo, inazitaka nchi kuwakataza raia bunduki za kivita.

Kwa mkazi wa Rumonge au Nyanza-Lac anayeikuta risasi ya zamani katika shamba la michikichi au ufukweni, hatari kubwa ni fataki, kwani yaweza kuwa hai baada ya miaka mingi. Risasi hiyo isigongwe, isitupwe motoni wala isikatwe ili kuuza shaba yake. Iachwe ilipo, watoto waondolewe, na polisi waarifiwe.