Shaka arudi kwenye runinga, safari hii kwa Kizulu

Waliokuwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1980 wanamjua Shaka, mfalme wa Wazulu, kwa sura moja: kifua kipana cha mwigizaji Henry Cele, macho yasiyopepesa, na sauti ya mwimbaji Margaret Singana ikipaa juu ya vilima. Ndiyo maana chaneli ya Mzansi Magic ya Afrika Kusini ilipoanza kurusha Shaka iLembe, Juni 2023, wengi waliitazama kwa wasiwasi. Nani wa kukalia kigoda cha Cele, golikipa wa zamani wa Durban aliyefariki mwaka 2007?

Lemogang Tsipa amekikalia vizuri. Lakini safari hii kilichobadilika zaidi ni msimulizi.

Tamthilia ya 1986 aliyoigiza Cele, yenye sehemu kumi, iliongozwa na William Faure kwa fedha za SABC, shirika la utangazaji la serikali ya makaburu, mwaka ambao nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari. Mfalme wa Wazulu alizungumza Kiingereza. Mkasa wake tuliletewa na Henry Fynn, mfanyabiashara Mwingereza aliyefika Port Natal mwaka 1824 na mwenzake Francis Farewell, na kumbukumbu za Fynn ndizo zilizoibeba hadithi.

Kumbukumbu hizo zina kisa chake. Inasimuliwa kuwa ndugu yake Frank alipofariki, watu waliomzika waliliona daftari la Fynn wakadhani ni mali ya marehemu, wakalizika pamoja naye. Kulifukua kaburi kungekuwa kufuru. Fynn akaandika upya kwa kukumbuka, miaka mingi baadaye, na maandishi yake hayakutoka kama kitabu hadi 1950, yeye mwenyewe akiwa amefariki tangu 1861. Mwaka 1832 alikuwa amepata barua ya rafiki yake, Nathaniel Isaacs, iliyomshauri awachore wafalme wa Kizulu kuwa wamwaga damu kadiri awezavyo, ili kitabu kinenepe na kivutie wasomaji. Isaacs alichapa cha kwake mwaka 1836. Tulipokuwa tukitetemeka mbele ya runinga, sehemu ya hofu yetu ilitoka kwenye ushauri huo wa kibiashara.

Hata hivyo, mwanahistoria Carolyn Hamilton, aliyechapisha mwaka 1998 kitabu kuhusu Shaka na taswira zake, anakataa kuwabebesha wageni kila kitu. Anaonyesha kuwa masimulizi makali kumhusu Shaka yalikuwepo miongoni mwa Waafrika wenyewe, hasa wale ambao koo zao ziliumizwa na utawala wake. Hoja hiyo ina uzito, na hapo ndipo kazi mpya inapopata nguvu. Shaka iLembe, iliyotengenezwa na Bomb Productions kwa takriban miaka sita, inazungumza Kizulu na haianzii pwani kwenye meli za wageni. Inaanzia kwa Nandi, mama yake Shaka. Nomzamo Mbatha anamwigiza akiwa binti mwenye kiburi cha haki, kisha mama aliyekataliwa, na ukatili wa mwanawe unaonekana ulikotoka. Wafalme jirani, Dingiswayo na Zwide, nao wanapata siasa zao, hila zao na heshima zao. Msimu wa pili ulifuata mwaka 2025.

Kwa mtazamaji wa Songea, jina la Zwide si la mbali. Shaka alipouvunja utawala wake karibu mwaka 1820, Zwangendaba, aliyekuwa upande wa Zwide, aliondoka na watu wake kuelekea kaskazini. Walivuka Zambezi Novemba 1835, jua likapatwa siku hiyo hiyo. Alifia Ufipa katika miaka ya 1840, na makundi yaliyotawanyika baada ya kifo chake ndiyo yaliyozaa Wangoni wa Ruvuma, ambao watoto na wajukuu wao walisimama dhidi ya Wajerumani katika Majimaji. Chifu wao, Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906.

Hadithi hiyo ina mito, wafalme, usaliti na mwendo wa maelfu ya kilomita, na mwisho wake uko kwenye ardhi yetu. Tuna waigizaji, tuna lugha, na Songea kuna Makumbusho ya Majimaji. Afrika Kusini imemtengenezea Shaka tamthilia kubwa mara mbili. Zwangendaba bado hajapata hata moja, na wazee wanaosimulia safari yake hawatakuwa nasi siku zote.