Moli

Moli (alama: mol) ni kizio cha kimataifa cha kupimia kiasi cha dutu. Moli moja ina chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, ziwe atomu, molekuli au ioni. Ni jina la idadi, kama dazeni au korija, ila idadi hii haipatikani kwa kuhesabu bali kwa kupima kwenye mizani. Hesabu za kemia zinazohusu tungamo, ukolezi wa myeyusho na ujazo wa gesi zote hupitia kwenye moli.

Historia

Chimbuko la moli ni uchunguzi wa gesi. Mwaka 1808 Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kuwa gesi huungana kwa uwiano sahili wa ujazo: lita mbili za hidrojeni na lita moja ya oksijeni hutoa lita mbili za mvuke wa maji. John Dalton, mwasisi wa nadharia ya kisasa ya atomu, aliyakataa matokeo hayo. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro, mwanasheria wa Torino aliyehamia kwenye fizikia, alilifumbua fumbo hilo: gesi zozote zenye ujazo, halijoto na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli, na molekuli ya hidrojeni au ya oksijeni ina atomu mbili.

Wazo hilo la kina lilipuuzwa kwa karibu nusu karne. Avogadro alifariki mwaka 1856. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, Ujerumani, Mwitalia mwenzake Stanislao Cannizzaro alilitetea kwa ufasaha, na wanakemia wakaanza kukubaliana juu ya uzito wa atomu.

Avogadro mwenyewe hakuijua idadi ya chembe za moli moja, ambayo leo inabeba jina lake. Mwaka 1865 Johann Josef Loschmidt wa Vienna alikadiria ukubwa wa molekuli za hewa, hatua iliyofungua njia ya kuikokotoa idadi hiyo. Mwaka 1909 Jean Perrin wa Ufaransa alipendekeza idadi hiyo iitwe kwa jina la Avogadro, baada ya kuikokotoa kwa kuchunguza vipunje vinavyotikisika majini. Perrin alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1926.

Fasili

Mwaka 1971 moli ilifasiliwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu 20 Mei 2019 idadi yenyewe ndiyo fasili.

Kanuni za hesabu

Tungamo: n = m ÷ M, ambapo n ni idadi ya moli, m tungamo ya dutu na M tungamo ya moli moja. Mawe ya matumbawe yanayochomwa kwenye matanuu ya chokaa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, ambayo moli yake ina gramu 100. Moli hiyo ikichomwa barabara hubaki gramu 56 za chokaa hai. Gramu 44 huondoka zikiwa kaboni dioksidi. Ndiyo maana jiwe hutoka tanuuni likiwa jepesi.

Ukolezi: c = n ÷ V, yaani moli kwa lita ya myeyusho. Pakiti ya ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji. Kwa kuwa moli ya glukosi ina gramu 180, ukolezi wake ni milimoli 75 kwa lita, sawa na ule wa sodiamu katika myeyusho huohuo. Usawa huo umekusudiwa, kwani utumbo hufyonza sodiamu pamoja na glukosi, na maji hufuata. Katika kuzimua myeyusho hutumika c₁V₁ = c₂V₂, ambapo 1 ni kabla ya kuzimua na 2 ni baada yake.

Gesi: PV = nRT, ambapo P ni kanieneo, V ujazo, T halijoto kwa kelvini na R ni 8.314 J/(mol·K). Kanuni hii inakusanya kazi za Robert Boyle (1662), Jacques Charles, Gay-Lussac (1802) na Avogadro. Émile Clapeyron aliziunganisha mwaka 1834. Kwa nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja, moli ya gesi huchukua takriban lita 22.4; kwa joto la kawaida la chumba huchukua kama lita 24. Nyuzi za Selsiasi haziingizwi moja kwa moja: gesi ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi 54, bila kanieneo kubadilika, ujazo wake hauongezeki maradufu, bali kwa asilimia 9 tu, maana ni kutoka kelvini 300 hadi 327.

Mipaka

PV = nRT hukosea gesi ikishindiliwa sana au ikikaribia kuwa kimiminika. Johannes van der Waals aliirekebisha mwaka 1873.

Matumizi

Moli hufundishwa katika shule za sekondari na hutumika katika majaribio ya titresheni. Katika hospitali nyingi, sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa lita.