Mbung'o Watatu Wanaofanana

Kila kiangazi wafugaji wa hapa Iguguno hunitumia picha za inzi kwa simu. "Bwana mifugo, huyu ni mbung'o?" Kumtambua mbung'o si kazi. Akitua hulaza mabawa yake mgongoni, moja juu ya jingine, na mrija wake wa kunyonyea damu hutokeza mbele ya kichwa. Kazi ni kujua ni mbung'o yupi, na kazi hiyo ina historia yake katika nyika hizi.

Mwaka 1922 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yalizuka Maswa. Aliyekwenda kuwachunguza inzi ni Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika tangu 1919. Kwa macho, mbung'o wa huko alifanana mno na Glossina morsitans, aliyepewa jina tangu 1850. Lakini mwaka 1923 Austen, wa makumbusho ya London, alitangaza kwamba huyo ni spishi nyingine, akamwita Glossina swynnertoni.

Wapo wanaoona hayo ni mambo ya wasomi. Nakataa kabisa. Morsitans ni wa miombo. Swynnertoni hupenda migunga na vichaka vya miiba, kama hivi vya wilaya yetu ya Mkalama. Usipojua ni yupi anayeuma ng'ombe wako, utajuaje pori la kufyeka? Huko Shinyanga wananchi walifyeka vichaka kwa mikono yao, na nyasi zikaachwa mpaka mwisho wa kiangazi ndipo zichomwe, ili moto uwe mkali. Swynnerton aliyaandika hayo katika kitabu kikubwa cha mwaka 1936, miaka miwili kabla ya kufa katika ajali ya ndege.

Wa tatu ni pallidipes, naye hutambulika kwa nyayo. Tazama miguu ya mbele na ya kati: pingili mbili za mwisho ni za rangi hafifu, ilhali kwa wenzake zina weusi nchani. Morsitans na swynnertoni hutofautishwa kwa mabaka meusi ya tumbo, na ukibaki na shaka, kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini.

Kwa hiyo picha ya mgongo peke yake hainisaidii. Mpige picha ya ubavuni, miguu ionekane, kisha uandike mahali na tarehe. Na ndama akianza kukonda usisubiri jibu langu. Mpeleke akapimwe damu.