Android au iPhone: Ubishi wa Mashabiki na Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Ubishi wa Simba na Yanga ukiisha kijiweni, mara nyingi huanza mwingine: Android au iPhone. Wa iPhone husema simu ya mwenzake ni ya bei rahisi. Wa Android hujibu kwamba mwenzake amelipia jina. Lakini msikilizaji wetu wa Munanila, wilayani Buhigwe, aliyeuza kahawa au tangawizi na sasa anataka simu, anahitaji zaidi ya utani. Katika makala hii tunaeleza hoja zipi zina uzito.

Nini kinashindanishwa?

Kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza iPhone Juni 2007. Inabuni simu na mfumo wake, na mfumo huo hauwekwi kwenye simu za kampuni nyingine. Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo ilitoka 2008. Android hutumiwa na kampuni nyingi: Samsung, Tecno, Infinix, itel na Xiaomi.

Hapa ndipo ubishi mwingi unapopotoka. Anayeshindanisha iPhone ya zaidi ya milioni moja na Tecno ya laki mbili halinganishi mifumo, analinganisha bei.

Kwa nini watu hutetea sana?

Aliyetoa fedha nyingi hapendi kuambiwa amezipoteza. Pia simu imekuwa kama nguo ya sikukuu: huonyesha mtu amefika wapi. Huko Marekani ubishi huchochewa na rangi ya meseji, kwa kuwa anayetumia iPhone huona ujumbe aliomtumia mwenye Android ukiwa wa kijani badala ya bluu. Kwetu jambo hilo halina nguvu, maana wengi huandikiana kwa WhatsApp, ambayo iko kwenye mifumo yote miwili. Na ukitaka kutuma fedha kwa M-Pesa, *150*00# hufanya kazi hata kwenye kitochi.

Hoja za kila upande

Mashabiki wa iPhone wana hoja moja nzito: masasisho. iPhone 6s ya mwaka 2015 iliweza kupokea iOS 15 iliyotoka 2021. Simu nyingi za Android za bei nafuu huachwa mapema zaidi, na simu isiyosasishwa hubaki na mianya ya usalama.

Mashabiki wa Android nao wana zao. Kwanza, laini mbili: kwa anayeishi karibu na mpaka wa Burundi, au anayefuata mtandao unaoshika vizuri mlimani, hilo si anasa. iPhone zilizotoka kabla ya 2018 hutumia laini moja tu. Pili, chaji: betri ya milliampea 5,000 ni ya kawaida kwenye simu za Tecno na Infinix, wakati ya iPhone 8 ni 1,821. Tatu, menyu ya Android inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na kioo cha simu za bei nafuu kikivunjika, kukibadilisha hugharimu kidogo.

Ukinunua iliyotumika

Hapa ndipo fedha hupotea. iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mwenye awali haitafunguka bila nenosiri lake, hata ikifutwa kila kitu. Android nyingi nazo zina kufuli kama hilo. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, kisha uiwashe upya na kuweka yako kabla ya kulipa.

Angalia pia umri wa simu. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi: Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na wengi walibaki na simu zisizopiga.

Tunashauri nini?

Kwa mwenye fedha za msimu mmoja na umeme wa kubahatisha, Android mpya yenye laini mbili ni salama kuliko iPhone kuukuu iliyonunuliwa ili kuwanyamazisha wabishi. Mwenye uwezo wa kununua iPhone ya karibuni, na anayetaka kukaa nayo miaka mingi, naye hajakosea. Kijiweni mtu anaweza kushinda ubishi, lakini gharama ya chaji na fundi ataibeba mwenyewe.