Nani Kaitwa "Nyinginezo"?

Neno "nyinginezo" lina adabu, halimfokei mtu. Lakini likiingia maktaba hupewa kazi nzito: kuamua nani apate rafu yake na nani abanwe kona moja na walimwengu wote waliobaki.

Melvil Dewey, Mmarekani, alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba mwaka 1876, na maktaba nyingi za Afrika Mashariki zinautumia hadi leo. Dini zimepewa 200 hadi 299. Biblia imechukua 220 nzima, Ukristo 230 hadi 280, kisha dini "nyinginezo" zikakusanywa 290. Uislamu wote, na Kurani yake, hadithi, fikihi na tasawufi, umo ndani ya 297. Lugha nazo ni hivyo hivyo. Kiingereza kina 420, Kifaransa 440, hata Kilatini, ambacho hakuna mtoto anayelelewa nacho, kina 470. Kiswahili utakikuta kwenye 490 ya lugha nyinginezo: 496.392. Katika fasihi, Shakespeare peke yake ana namba yake, 822.33. Shaaban Robert yuko 896.392, na ndimo walimo watunzi wote wa Kiswahili.

Mtu atasema namba ni namba tu. Sikubali, ila nakiri kwamba istilahi za katalogi huumiza zaidi, kwa sababu msomaji hukipata kitabu baada tu ya kulitumia neno alilochaguliwa na mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Sanford Berman, mkutubi Mmarekani, alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Katika orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayofuatwa na maktaba za nchi nyingi, kulikuwa na mada "Kafirs", maana yake Waafrika wa kusini mwa bara. Sisi neno hilo tunalijua kwa Kiarabu, mtu asiyeamini. Afrika Kusini ya ubaguzi ililifanya tusi la rangi. Basi mwanafunzi aliyetaka historia ya watu wake ilimbidi kwanza alipekue tusi. Wenzake Wazambia walimweleza Berman uzito wa neno lile, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima kuhusu chuki iliyojificha katika orodha hiyo.

Kabla yake, Dorothy Porter, mkutubi Mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alikuta vitabu vya Weusi vikirundikwa 325, ukoloni na uhamaji, au 326, utumwa. Hata diwani ya mshairi James Weldon Johnson iliwekwa 325. Ushairi wake haukuhesabiwa kuwa ushairi! Porter alikataa, akavipanga vitabu kwa fani zake na waandishi wake.

Alichokifanya kinawezekana hapa petu pia, wala hakihitaji uasi. Kanuni za Dewey zenyewe zinaruhusu maktaba kuitanguliza lugha ya mahali: 410 kwa lugha, 810 kwa fasihi. Dini nayo imewekewa ruhusa ya namna hiyo. Wakutubi wetu, kazi ya kubadilisha lebo najua ni kubwa, lakini anzeni na rafu moja ya fasihi ya Kiswahili. Nanyi wasomaji, mkikuta neno la kudhalilisha kwenye katalogi, msilipite kimya. Mwambieni mkutubi aliye mbele yenu.