Miezi ya Zohali Mikononi mwa Wapenzi wa Anga

Historia ya miezi ya Zohali haiandikiki bila kuwataja watu ambao hakuna aliyewaajiri kuitazama. Christiaan Huygens, aliyeuona Titan mwaka 1655, alikuwa kijana wa Kiholanzi wa miaka 25 aliyesugua lenzi zake pamoja na kaka yake. William Herschel aliishi Bath, Uingereza, kwa kupiga kinanda na kufundisha muziki, na darubini alizitengeneza baada ya kazi. Kugundua sayari ya Uranus mwaka 1781 ndiko kulikompatia posho ya mfalme, na mwaka 1789 akaongeza miezi miwili ya Zohali, Mimas na Enceladus. Mwaka 1848 William Lassell, mfanyabiashara wa bia wa Liverpool, aliuona Hyperion karibu siku zilezile ulipoonwa na wanafalaki wa Harvard, Marekani.

Wataalamu wa kulipwa nao walikuwapo. Giovanni Domenico Cassini, aliyefanya kazi Paris, aligundua miezi minne kati ya 1671 na 1684. Alishangaa kuona kwamba Iapetus huonekana ukiwa upande mmoja wa Zohali na kufifia ukihamia upande wa pili, akahitimisha kwamba nusu yake ni nyeusi. Alikuwa amesema kweli, ila uthibitisho wa picha ulisubiri karne tatu. Kwa muda wote huo miezi hiyo ilibaki nukta za nuru.

Picha zilizolala

Chombo cha anga Pioneer 11 kilipita Zohali mwaka 1979, kikafuatwa na Voyager 1 mwaka 1980 na Voyager 2 mwaka 1981. Nukta zikawa nchi. Mimas ilionekana na kasoko lenye upana unaokaribia theluthi ya kipenyo chake, na Enceladus ikaonekana na nyanda laini zisizo na makovu. Lakini umma uliona picha chache zilizochaguliwa na kuchapishwa. Nyingine nyingi zilihifadhiwa katika kanda za sumaku, zikajulikana na watafiti tu.

Thamani ya hizo zilizolala ilidhihirika mwaka 1990, Mark Showalter alipozipekua upya picha za Voyager za mwaka 1981 na kuukuta mwezi Pan ndani ya mwanya wa pete. Ulikuwa umepigwa picha miaka tisa kabla ya mtu kuutambua. Showalter alikuwa mtafiti wa kazi hiyo, lakini njia aliyoionyesha ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira. Mmoja wa walioifuata ni Ted Stryk, mwalimu wa falsafa wa Tennessee, ambaye amezisafisha upya picha nyingi za vyombo vya zamani. Mwaka 2009 alitoa picha za Voyager 2 za mwaka 1989 zinazoonyesha mwezi Despina na kivuli chake vikikatiza mbele ya Neptune, tukio lililokuwa limekaa kwenye hifadhi kwa miaka 20.

Mlango unafunguliwa

Mabadiliko makubwa yalikuja na chombo cha anga kiitwacho Cassini. Chombo hicho kilirushwa tarehe 15 Oktoba 1997 na kuanza kuizunguka Zohali katikati ya 2004. Picha zake zilisafiri kwa zaidi ya saa moja hadi duniani kupitia antena ya mita 4 iliyotolewa na Shirika la Anga la Italia, shirika lilelile linaloendesha kituo cha anga cha Malindi, Kenya. Waongozaji wa safari waliamua kuziweka picha ghafi kwenye intaneti muda mfupi baada ya kupokewa. Faili kamili, zilizopimwa kwa ajili ya sayansi, zilifuata baadaye katika hifadhi ya umma ya data za sayari.

Matunda ya uwazi yalionekana mapema. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens, chombo kidogo kilichobebwa na Cassini, kilishuka kwa miavuli hadi juu ya Titan. Njia moja kati ya mbili za mawasiliano haikuwashwa kwa sababu ya kosa la amri, hivyo zikapatikana picha 350 hivi badala ya 700. Chuo Kikuu cha Arizona kilizitoa zikiwa ghafi. Usiku uleule wapenzi wa anga wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwenye kompyuta yake, waliziunganisha vipande kwa vipande. Kabla wataalamu hawajamaliza kazi yao, dunia ilikuwa imeshaona mandhari mapana ya mifereji iliyochongwa na methani. Mjerumani René Pascal aliendelea na kazi hiyo kwa miaka.

Ufundi na uaminifu

Kazi yenyewe si kubonyeza kitufe. Kamera za Cassini hazikupiga picha za rangi. Kila picha ilikuwa ya rangi ya kijivu, hadi pikseli 1,024 kwa 1,024, iliyopita kwenye kichujio cha rangi fulani. Anayetaka rangi huchukua tatu, ya kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, akazipandanisha. Lakini kati ya picha ya kwanza na ya tatu chombo kimesogea na mwezi umezunguka, hivyo pembe hazilingani tena na sharti zinyooshwe. Madoa ya miale ya anga nayo yafutwe, bila kufuta kasoko la kweli. Mprogramu wa Kroatia, Gordan Ugarković, aliunganisha picha 36 za tarehe 10 Oktoba 2013 akapata Zohali nzima na pete zake, ikitazamwa kutoka juu. Ni miongoni mwa picha za Cassini zilizosambaa sana.

Uaminifu ni sehemu ya ufundi huo. Picha nyingi za Enceladus huunganishwa kwa kutumia mionzi ya urujuanimno na ya infraredi ambayo jicho haliioni, na ndipo nyufa za ncha ya kusini huonekana zikiwa na rangi ya buluu. Fundi mwema huandika wazi vichujio alivyotumia, ili mtazamaji asidhani ndivyo angeona akiwa huko. Nyufa hizo zimepewa majina ya Baghdad, Damascus, Cairo na Alexandria, kwa kuwa majina ya Enceladus hutoka katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Msomaji wa Kiswahili aliyekua na Sindbad na Ali Baba atawakuta huko, kila mmoja na kasoko lake.

Mafukizo ya barafu yanayoruka kutoka nyufa hizo yalithibitishwa mwaka 2005 na wanasayansi wa Cassini, kwa kutumia vipimo vya ala kadhaa, na heshima hiyo ni yao. Mchango wa wapenzi wa anga ni mwingine, nao ni mkubwa: wamezigusa picha ambazo wataalamu hawakuwa na muda nazo, na kuzipa sura ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisoma.

Cassini iliangamia ndani ya anga la Zohali tarehe 15 Septemba 2017, ikiwa imeacha picha zaidi ya 450,000. Tangu hapo hakuna chombo kinachoizunguka sayari hiyo, na Dragonfly, chombo kilichopangwa kurushwa 2028, hakitarajiwi kufika Titan kabla ya 2034. Kwa miaka yote hii hifadhi hiyo ndiyo Zohali yetu ya karibu. Imebaki hai kwa sababu ilitolewa ikiwa nzima, ghafi kwa nzuri, bila malipo, pamoja na maelezo ya jinsi kila picha ilivyopigwa. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea kwa kila anayetunza kumbukumbu za umma, ziwe za anga au za ardhini: usichague kwa niaba ya watu cha kuona. Toa vyote, eleza vilivyopatikana, na uwaamini watakaokuja kuvifanyia kazi.