Askofu Frank Weston na Mzigo wa Mpagazi



Ninyi watu wa Ntalikwa, na wote mkaao karibu na njia ile ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora hata Ujiji, hamna haja ya kuelezwa maana ya mpagazi. Wazee wenu wa Unyamwezi waliujua uzito wa pembe na wa mtumba begani. Leo nataka kuwasimulia habari za padre mmoja mwenye elimu nyingi, ambaye naye ilimpasa kuujua uzito huo.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma Oxford, na mwaka 1893 akashinda katika daraja la kwanza la elimu ya dini. Mwaka 1898 alivuka bahari akaja Unguja, na tangu mwaka 1901 akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, walikofundishwa walimu. Mwaka 1907 alitoa kitabu kikubwa juu ya Kristo, na mwaka uliofuata akafanywa Askofu wa Unguja.

Katika kitabu hicho aliuliza: Mwana wa Mungu aliwezaje kuwa mtu kweli? Akajibu kuwa alijiwekea mipaka kwa hiari yake, akakubali kuishi na kujua mambo kwa kadiri ya mwanadamu. Basi, Bwana akiwa ameuvaa mwili wa binadamu, ni nani awezaye kumsujudia yeye na kuudharau mwili wa maskini?

Alikuwa mtu mkali katika mambo ya imani. Mwaka 1913 alipinga mapatano ya wamisheni wa madhehebu mbalimbali waliokutana Kikuyu, na mabishano yakafika mpaka Uingereza.

Mwaka 1914 vita vikatokea. Wadachi waliwakamata wamisheni wa Kiingereza waliokuwa katika nchi yao, wakawashuku pia mapadre na walimu Waafrika kuwa ni wapelelezi. Wengi waliletwa Tabora, mbali na kwao. Huko Waafrika walifungwa minyororo na kupigwa. Kufunguliwa kwao kulikuja mwezi wa Septemba 1916, Wabelgiji walipoutwaa mji.

Mwaka huo huo Askofu Weston alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, akaenda nao bara kwa miguu. Vita vile viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mwaka 1918 akaandika barua kwa Jemadari Smuts, akiyashutumu mateso ya Waafrika chini ya Wadachi.

Hapo, wasikilizaji, wengi wangaliishia. Kumlaumu adui ni kazi nyepesi. Lakini mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa amri iliyowataka machifu wawahimize watu wao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kwamba himizo la mkubwa ni lazima kwa mdogo. Weston akapiga kalamu tena, na mwaka 1920 akatoa kijitabu cha kuwashutumu Waingereza wenzake. Alisema kwamba kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mwingine ni utumwa, ijapokuwa mshahara unalipwa. Hakuwa peke yake katika kupinga, na mwaka 1921 serikali ya London iliagiza kwamba maofisa wasitumiwe kuwatafutia walowezi vibarua.

Alifariki dunia Hegongo, katika nchi ya Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Tunaweza kutofautiana naye katika mengi. Lakini kipimo chake kilikuwa kimoja: pishi aliyompimia Mdachi ndiyo aliyompimia Mwingereza. Nanyi mkiketi barazani kuamua shauri la jirani, na siku ya pili likaja shauri la ndugu yenu, jiulizeni: je, pishi ni ile ile?